Usinijazie Mlango

Southall, London
12 Novemba 1972

Kwa dada yangu Kijakazi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Suad wako, na kwamba Idi mmeila kwa raha huko Dar es Salaam. Mimi Idi nimeila na mafua. Tumesali chumba cha juu cha duka la nguo, akina mama nyuma ya pazia, imamu anakohoa na sisi tunakohoa nyuma yake. Pilau nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe. Ndiyo London hiyo.

Habari za hapa ni kujaa. Unakumbuka nilikwambia nimepanga chumba kwa Daksha na mumewe Harish, Wahindi waliotoka Nairobi miaka minne iliyopita? Watu wema, sisemi. Lakini jamaa zao wa Kampala sasa wamefukuzwa, wamekuja na sanduku mojamoja, na wote wameingia nyumba hii hii. Wengine wanalala ngazini. Na choo ni kimoja, dada! Nikiamka alfajiri kutawadha nakuta foleni, na yuko bibi mzee mmoja akishaingia hatoki. Sinki la kunawia uso limeziba kwa nywele. Kefule! Nawahurumia, wallahi nawahurumia, watu wamenyang'anywa hata vijiko. Lakini huruma haizuii kinyaa. Nywele ni nywele.

Watoto wao wanapenda kuja kusimama mlangoni nikipika, wananikatia mwanga. Juzi nikajisikia napiga kelele: "Usinijazie mlango!" Sauti ikatoka ile ile ya marehemu mama, na ule mvuto wake, usini-jaaa-zie. Sijamsikia mtu mwengine duniani akisema hivyo. Unakumbuka tulivyokuwa tukisimama mlangoni pake kungoja ukoko? Anatufukuza kwa mwiko, hatujafika mbali anatuita, kila mmoja na kipande chake cha moto. Basi nami nikawagawia wale watoto ukoko. Wakautazama, wakautema. Nikauzoa sakafuni.

Haya, lenye maana ni hili. Nimepata kazi ya ualimu. Kuna kampuni moja ya Wajapani hapa, inapeleka watu wake Afrika Mashariki, nayo inataka wafundishwe Kiswahili kabla hawajaondoka, wao na wake zao. Mimi niliyekuwa mwalimu wa wasichana Unguja, na miaka yote hii hapa nikiwapigia watu chapa barua zao, naitwa mwalimu tena! Nimelia. Nitahamia Finchley, kaskazini ya mji, ambako Wajapani wanakaa wengi, na wananipa chumba katika nyumba ya mmoja wao. Chumba changu peke yangu, na dirisha.

Na wewe je? Mwezi wa nane uliniandikia tu, "nimepata kazi kwa Waingereza Oyster Bay." Kazi gani? Ya ofisini? Sema, nijue.

Akuombeaye kheri,
Jokha


Ilala, Dar es Salaam
10 Desemba 1972

Mdogo wangu Jokha,

Barua yako nimeipata, imejaa maandishi mpaka pembeni. Nimeisoma juu chini, nikachukua bahasha nikaikung'uta, natafuta shikamoo yangu. Sikuiona. Labda imeanguka baharini. Mimi na wewe tumepishana miaka sita, mama. Usinizeeshe, lakini usinisahau pia.

Sisi wazima. Suad amefaulu, mwezi ujao anaingia sekondari. Amerefuka, sare ya mwaka jana inamwacha magoti nje. Tangu baba yake afariki amekuwa msemaji wa nyumba, mimi mwenyewe nisiposema nasemewa.

Kazi yangu ni ya kuangalia nyumba ya hao Waingereza. Mambo ya nyumba, hili na lile, watoto, vyakula. Si habari ya kuandikia barua. Tunakula, tunashukuru. Mwandiko wangu usiushangae, vidole vimechubuka kwa sabuni.

Hayo ya Wajapani yamenifurahisha sana. Nilimwambia Suad, mamako mdogo amerudi kushika chaki, akaruka. Wafundishe vizuri. Na niambie, wanakuja mji gani? Nauliza tu.

Ila angalia kinyaa chako. Wewe tangu mdogo ulikuwa hunywi maji kwenye kata aliyonywea mtu, mama akisema wewe utaolewa na sabuni. Usije ukafika kwa watu ukaanza kukunja pua, kumbe na wao wanakukunjia yao.

Dada yako,
Kijakazi


Finchley, London
21 Januari 1973

Dada yangu mpenzi,

Natumai Idi ya kuchinja imewapitia salama. Hapa baridi imezidi, mafuta ya nazi uliyonipelekea yameganda chupani, nayachimba kwa mpini wa kijiko. Salamu zangu kwa Suad, na hongera ya sekondari.

Nimeshahamia. Mwenye nyumba ni Bwana Kawabe, mtu wa kucheka kwa nadra, mkewe anaitwa Hisae, na wana binti mmoja. Nyumba safi, viatu vinaachwa mlangoni kama kwetu. Nikasema alhamdulillahi, leo nimefika kwa watu. Haya, ngoja.

Jioni ya kwanza wakanikaribisha nikaoge. Kwao mgeni ndiye anayetangulia. Nikakuta bafu limejaa maji ya moto, mvuke mpaka darini. Dada, sijaona maji ya vile tangu nije nchi hii, kwa Daksha maji ya moto ni ya kugombania. Nikaingia, nikajipaka sabuni, nikajisugua kwa dodoki, taka zote za Southall zikatoka. Nilipomaliza, kwa adabu tuliyolelewa nayo, nikazibua maji yote, nikalisugua bafu mpaka likang'aa, ndipo nikatoka. Nje ya mlango wamejipanga: bwana, bibi, mtoto, kila mmoja na taulo lake begani. Wanangoja yale maji! Yale yale! Nikawaambia kwa Kiingereza, "Nimewasafishia." Bibi Hisae akainama, "Hai, hai." Hai kwao ni ndiyo. Wakaenda kulala bila kuoga, maana tangi la maji ya moto lilikuwa limekauka.

Kefule mara saba! Watu wazima na akili zao, waingie mmoja baada ya mwengine katika maji mustaamali, yaliyokwisha kukaliwa na mtu! Maji yasiyofaa hata kutawadhia! Asubuhi Hisae akanieleza polepole, anatazama chini, kwamba kwao mtu hujiosha kwanza nje ya bafu, akatakata, ndipo aingie kukaa tu. Na yule mtoto wao akaongeza, kwa Kiingereza chake cha shule, kuwa baba hakuweza kulala kwa kufikiri kwamba mgeni amekaa ndani ya taka zake mwenyewe. Dada! Walikuwa wananionea kinyaa mimi. Mimi, binti Talib!

Lingine. Unajua chooni siendi bila kopo langu, lile jeupe lenye mdomo wa buluu. Jumapili wakaalika wenzao, nikaitwa mezani, na katikati ya meza, baina ya bakuli za wali na samaki mbichi, mbichi dada, hajagusa moto, limekaa kopo langu la choo. Limetiwa maua matatu. Hisae alilikuta kule, akalionea huruma, chombo kizuri kimetupwa pasipo mahali pake. Wageni wakalisifu mmoja mmoja. Mimi nikasema nimefunga. Mpaka leo sijamwambia, nimenunua jingine nalificha chini ya kitanda.

Lakini Hisae huyu ndiye rafiki yangu, usiniulize imekuwaje. Tunakaa jikoni, ananimenyea machungwa, ananiuliza maneno. Nilipomfundisha shikamoo hakutaka kujua maana yake kwa Kiingereza. Aliuliza: nani humwambia nani? Kwao nako ulimi unapimwa kwa umri. Tangu siku hiyo kila asubuhi ananingoja chini ya ngazi, "Shikamoo, mwarimu." L inamshinda. Namwitikia marahaba, na siku yangu inakuwa njema. Nimempa na hodi. Imempendeza mno kwamba mtu anaweza kubisha kwa mdomo.

Sasa nikwambie kichefuchefu cha kweli, hayo ya bafu ni mchezo tu. Katika darasa yumo Bibi Ogata, mke wa mkubwa wao. Wote wanakuja Dar es Salaam, mjini kwako, Oyster Bay huko huko. Alhamisi akaja na kijitabu cha zamani cha Waingereza wa mashamba. Leta. Ondoa. Upesi. Nyamaza. Wewe mvivu. Wewe mwongo. Akakiweka mbele yangu, anataka hayo tu. Ati habari za asubuhi hazina kazi, kwa sababu Kiswahili atasema na maboi na mayaya, basi.

Niliona kama amenitemea mate. Lugha ya mama, aliyokuwa akighania tenzi huku anachambua mchele, leo iwe ya kumfokea mtu wa kazi? Nimekataa. Kijitabu chake nimemrudishia kwa ncha za vidole. Afadhali nikalale ngazini kwa Daksha. Na hata hao wanaokubali kuambiwa hivyo siwaelewi, wallahi. Mtu na heshima zake ainamishe kichwa, "ndiyo memsab, ndiyo memsab," amfulie mtu nguo zake za ndani? Ningejifukia nikiwa hai. Wewe dada, pamoja na jina lako hilo la Kijakazi, hukuwahi kushika ufagio wa mtu. Hatukuzaliwa kwa hayo sisi.

Na kazi yako hujanambia bado, unanizungusha.

Jokha


Ilala, Dar es Salaam
4 Machi 1973

Mdogo wangu Jokha,

Shikamoo yangu naona bado iko baharini. Wajapani unawagawia kila asubuhi, dada yako anangoja zamu.

Suad ameanza shule, sare mpya nimemshonea mwenyewe kwa mkono, pindo limekwenda upande lakini anaivaa. Ile ya bafu nimemsomea tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Ya kopo nimeiruka. Mtoto bado anakuheshimu.

Barua yako ilifika zamani kidogo. Nilikuwa naichukua kuijibu, nairudisha chini ya mto. Hayo ya kujifukia nimeyasoma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wamesema waliotutangulia, nami siongezi.

Waingereza wangu wanarudi kwao mwezi wa tano. Nyumba imepata watu wengine, wageni kutoka mbali, nami nimeambiwa nibaki. Basi nakuomba jambo, na usiniulize kwa nini. Endelea kukataa. Wafundishe hodi. Wafundishe na shikamoo. Huyo Bibi Ogata hasa, kuliko wenzake wote, mkalie kooni mpaka aijue. Na mwambie kuwa mlango wa jikoni nao ni mlango, unabishiwa.

Kazi yangu umeiuliza mara ngapi sijui. Ni ya halali.

Dada yako,
Kijakazi


Finchley, London
29 Aprili 1973

Dada Kijakazi,

Salamu nyingi kwako na kwa Suad. Mimi mzima. Bustani za watu zimetoa maua ya manjano, na Waingereza wameshavua makoti, wanatetemeka huku wanasema ni joto.

Nimechelewa kujibu. Kazi zilikuwa nyingi.

Niliwahi kumwalika Daksha kuja kunywa chai hapa. Bibi Ogata akamsikia akizungumza nami kile Kiswahili chake, "mimi nakuja, wewe nakwenda," akaona huyu ndiye hasa. Kampuni ikamwita. Daksha alikuja kuniambia mwenyewe, macho makavu, hakuninyatia. "Jokha, wewe nakataa, mimi nakubali. Nyumba yangu najaa watu. Kiswahili ya jikoni ndiyo mimi najua, nani alinifundisha ingine?" Nikamwambia ni aibu kuuza lugha ya watu kwa bei ya matusi. Akaniuliza, "Na nyumba yenu kule Unguja, ile boi yenu alikuwa naambiwa tafadhali?"

Nilimfungia mlango. Mchafu wa roho! Halafu nikakaa kitandani, nikatazama kitanda changu, na dirisha langu, na pazia alilonishonea Hisae.

Basi, mimi na kampuni tumeelewana. Daksha hahitajiki tena. Bibi Ogata sasa ananiita mwalimu mzuri, na juzi ameniletea keki yao ya maharage, tamu ya kuudhi. Nilikula kipande nikaenda kutapika. Nadhani ni maharage.

Hisae anakuja darasani lakini haandiki. Kila ninachosema, "Hai." Nimekuja kujua kuwa hai yao si ndiyo. Ni kusema tu nimekusikia, kama inshallah yetu tunapokuwa tumeshaamua kutokwenda. Asubuhi bado ananiamkia chini ya ngazi, ila sauti imekuwa ndogo, na jikoni hatukai tena.

Bibi Ogata anaondoka mwezi wa sita. Aende. Usiniulize mengi, dada. Naona kinyaa na kila kitu siku hizi, hata na sauti yangu mwenyewe.

Jokha


Ilala, Dar es Salaam
15 Julai 1973

Jokha,

Mimi na Suad wazima. Mvua zimekatika, jirani ameozesha binti yake, biriani ilikuwa na chumvi nyingi. Haya, salamu zimekwisha. Kaa kitako.

Ulitaka kujua kazi yangu. Mimi ni yaya. Nalea watoto wa watu, napika, nafagia, nafua, na nguo za ndani zimo, zile zile ulizozitaja. Wewe ungejifukia. Mimi sikujifukia kwa sababu Suad anasoma. Marehemu mama alizika watoto wawili kabla yangu, mimi akaniita Kijakazi ili husuda inidharau inipite. Ikapita kweli. Jina lenyewe ndilo likangoja, likanipata ukubwani.

Tangu mwezi wa tatu nilijua kuwa nyumba imechukuliwa na Wajapani wako, na kwamba anayekuja ni Bibi Ogata. Sikukwambia. Nilijisemea moyoni, hawa ni wanafunzi wa Jokha, haidhuru kunikuta jikoni. Siku ya kufika kwao nilioga alfajiri, nikajifunga kanga mpya ya "Mgeni njoo mwenyeji apone," nikapika wali wa nazi, nikasimama kwenye mlango wa jikoni nikangoja. Usinicheke. Nilitaka mtu aliyetoka kwako anibishie hodi. Na akinipa shikamoo ningeipokea kwa mikono miwili, maana namzidi umri. Nilisema, ile yangu iliyoanguka baharini leo inaletwa na huyu.

Akashuka garini, akapita vyumba vyote, akaja mpaka jikoni. Akanitazama. Nikamchekea. Akavuta pumzi, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, akasema:

"Usini-jaaa-zie mlango!"

Kwa ule mvuto, Jokha. Niligeuka nyuma. Wallahi niligeuka nyuma nikimtafuta mama.

Kisha ndiyo yakaja mengine, ondoka, leta chai, upesi. Hayo sikuyajali. Hayo yamo katika vijitabu vyao, Mwingereza naye alikuwa nayo. Lakini lile halimo kitabuni. Lile lilikuwa la mlango mmoja tu ulimwenguni, na tuliobaki tunaolijua ni mimi na wewe. Nikaingia stoo, nikalia juu ya gunia la mchele. Nikanawa uso, nikampelekea chai yake.

Wewe mtu wa kinyaa. Umeona kinyaa na nywele za waliofukuzwa kwao, na maji ya bafu, na samaki, na Daksha wa watu. Hili je? Hili lilipita kooni? Mama akitufukuza alikuwa na mwiko mkono mmoja na ukoko mkono wa pili. Yule bibi umemuuzia mwiko. Ukoko hukumpa, wala hajui kama upo.

Ananiambia kila siku, asubuhi na jioni. Simchukii yeye, amesema alichofundishwa. Na matamshi yake mazuri, hongera mwalimu.

Kijakazi


Southall, London
9 Agosti 1973

Dada Kijakazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya Novemba, na ya Januari, na ya Aprili.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa kitako kumenishinda. Sina la kujitetea nalo. Bibi Ogata aliniuliza, mtu akinizuilia njia mlangoni nimwambie nini? Nikafungua mdomo likatoka lile. Akalipenda. Akataka nilirudie mpaka alipolipata sawasawa, na mimi nikalirudia. Siku ile ile nilijua nimefanya nini. Hayakuwa maharage, dada.

Nimeacha kazi. Nimerudi kwa Daksha. Alinifungulia mlango, akatazama sanduku langu, nikadhani ataufunga kama nilivyomfungia mimi. Akasema, "Haya, ingia. Ngazi iko." Kwa hiyo nalala ngazini, na yule bibi mzee wa Kampala wa kukaa chooni ndiye jirani yangu, anakoroma. Sinki bado linaziba kwa nywele. Nazitoa kwa mkono.

Juzi Hisae alikuja kuniaga. Mumewe naye analetwa Dar es Salaam, watafika mwezi ujao, nyumba yao inapakana na hiyo yenu. Alinibebea lile kopo, na maua yake matatu. Nikamwambia ni kopo la nini. Akalitazama, akanitazama, akaliweka chini taratibu, halafu tukacheka mpaka Daksha akatoka jikoni. Kisha nikamwambia na jingine. Nikamwambia yule mtu wa jikoni kwa Bibi Ogata ni nani, na lile neno lilikuwa la nani. Safari hii hakusema hai. Aliuliza, "Mwarimu, mrango wa jikoni pia, hodi?"

Nikamwambia, huo kwanza.

Ana adabu, ila ni mwoga, na sauti yake ndogo, huenda usimsikie kwa mlio wa sufuria. Akibisha, dada, tafadhali usimjazie mlango. Na kama umepika wali, mpe ukoko.

Mdogo wako,
Jokha